Mwanya Usio Wangu

Masukulu,
S.L.P. Tukuyu,
3 Agosti 1997

Mjomba Ezron,

Shikamoo mjomba. Sisi huku hatujambo, tunaomba na wewe uwe hivyo. Bibi mzima ila goti. Anasema goti lake linaijua mvua kabla ya redio. Yule ng'ombe uliyemwachia amezaa ndama jike, na Bibi amempa jina Darisalama kwa kuwa, anasema, akitoka hakumbuki nyumbani. Ameniambia niandike hilo kama lilivyo, nami nimeandika.

Barua yako ya Juni nilimsomea kwa sauti kama ninavyomsomea zote. Nilipofika pale ulipouliza kama nataka ninyooshwe meno nilitaka kuruka mstari, lakini Bibi nikimsomea hatazami karatasi, anatazama macho yangu, na nikiruka anajua. Ikabidi nisome. Akacheka. "Mwambie ndiyo. Mtoto huyu anakula kama mwizi."

Basi ndiyo, mjomba. Nataka. Nimeandika neno hilo nikalifuta nikaliandika tena, unaona hapo karatasi imechubuka.

Uliniona mara ya mwisho nikiwa na miaka tisa, nina mapengo kama watoto wote. Sasa nina kumi na sita, na mapengo yalizibwa vibaya. Chonge la kushoto limepanda juu ya jirani yake, na mawili ya mbele yamebanana kama watu wanaogombea mlango. Nyumbani naongea nimeweka kiganja mdomoni. Darasani, kwa kuwa tunafundishwa kwa Kiingereza na mwalimu anataka tusimame tukijibu, siongei kabisa. Nakaa dawati moja na Rehana, binti wa Mzee Hasheem fundi cherehani wa pale karibu na soko. Mimi namnong'oneza jibu, yeye anasimama analisema kwa sauti. Mwalimu anamsifu, anakaa, ananifinya paja kwa furaha. Tumekwenda hivyo tangu kidato cha kwanza.

Sijui kwa nini nakuambia hayo. Labda kwa kuwa barua haina mdomo.

Bibi anauliza pia utakuja lini kuliona kaburi la mama. Ni mwaka wa nne sasa. Tumelijengea saruji.

Mpwa wako,
Atuganile


Dar es Salaam,
25 Agosti 1997

Mpwa wangu Atuganile,

Marahaba sana. Mwambie mama habari za ndama zimenifikia na nimezielewa. Mimi mzima. Umeme tunaupata kwa mgao, leo upo kesho haupo, na daktari wangu anatembea ofisini kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kuhusu kazi yangu, hujawahi kuuliza nami sijawahi kueleza vizuri. Kiwanda kilipouzwa na sisi tukapunguzwa, Daktari Suleimani alikuwa ndio kwanza anafungua kliniki yake, baada ya serikali kuruhusu tena watu binafsi. Akanichukua kwa ajili ya vidole. Kiwandani nilikuwa nachonga vipuri vidogo vya mashine, hapa nachonga meno ya bandia. Januari anafungua tawi Mbeya, na anataka fundi wa kukaa huko. Nimemwomba niwe mimi. Mbeya na Tukuyu, unajua mwenyewe, ni asubuhi kwenda na jioni kurudi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo tunapogombana naye. Ili meno yanyooke, kila jino hubandikwa kidude cha chuma kidogo kuliko punje ya mchele, tunakiita braketi, na waya hupita humo ukiyavuta taratibu. Zamani hawakubandika. Walizungusha pete ya chuma kwenye kila jino na kuifunga kwa saruji yake, mtu akicheka unadhani amekula kopo. Siku hizi ni gundi. Ugomvi ni jinsi ya kuibandika.

Njia ya daktari ni moja kwa moja kinywani. Unapaka jino asidi kidogo lipate kukwaruzika, unaosha, unakausha, unaweka gundi nyuma ya braketi, unaibandika, unakwenda jino linalofuata. Lakini mgonjwa ana mate na ana ulimi. Anataka kumeza. Gundi ya kuchanganya inakauka yenyewe kabla hujaridhika na mkono wako, na ile ya taa ya buluu inakusubiri lakini haikauki bila umeme. Nimemwona akiweka braketi ya sita imeinama kwa sababu mgonjwa alipiga chafya.

Njia ninayoitaka mimi niliisoma kwenye kitabu chake mwenyewe. Unachukua chapa ya meno kwa ujiuji unaoganda mdomoni, unamimina plasta humo, unapata meno ya plasta, unakaa nayo mezani na kikombe cha chai. Unapanga braketi zote kwa raha zako. Unazifunika kwa kifuniko laini cha raba, zinahamia kwenye kifuniko, halafu siku ya kazi unazipeleka kinywani zote kwa mara moja kama mtu anayevaa kofia. Daktari anasema, "Ezron, mdomo ndio mdomo. Plasta haina mate wala haina jina." Mimi nasema ndiyo maana naipenda.

Tumekubaliana hivi. Nimfanyie mtu mmoja kwa njia yangu, naye akague. Ikishika, Mbeya ni yangu. Isiposhika, nabaki hapa kusugua meno ya vikongwe. Mtu huyo nimesema ni wewe.

Yupo rafiki yangu Ackson, msaidizi wa meno katika hospitali ya misheni huko kwenu. Nimemtumia unga wa kuchukulia chapa na vyombo. Nenda Jumamosi yoyote, kaa, fungua mdomo kwa dakika tatu. Atamimina plasta hapo hapo, maana chapa ikiachwa hujikunja ikaanza kudanganya.

Na ukipata picha nitumie, ya kuonyesha meno.

Mjomba wako,
Ezron


Masukulu,
14 Septemba 1997

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo. Bibi amepata sweta la mitumba la kijani lenye picha ya dubu, na kanisani amekataa kulivua. Darisalama ameachishwa ziwa la kushoto maana alikuwa anauma.

Tulikwenda Jumamosi, mimi na Rehana. Chapa imechukuliwa. Bwana Ackson amemimina plasta, ameifunga kwa majani makavu ya mgomba ndani ya kopo la siagi, na amesema itakuja na basi.

Picha ninayo hii moja ya shule. Mdomo umefungwa, samahani.

Hukujibu kuhusu kaburi. Bibi aliniambia nisome barua yako mara mbili, alidhani mimi ndiye niliyeruka.

Nina mtihani kesho wa Biology na mguu wangu hautaki kutulia chini ya meza, unatikisa mpaka wino.

Atuganile


Dar es Salaam,
9 Oktoba 1997

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini mtihani ulikwenda. Msalimie mama na sweta lake.

Kopo limefika bila ufa hata mmoja. Ackson ni fundi. Nilifungua majani yale, yananuka nyumbani, nikaitoa plasta nikaipeleka dirishani. Atuganile, mbona hukuniambia?

Mbona hukuniambia kuwa una mwanya?

Unaandika meno yamebanana, chonge limepanda, kumbe mtoto una meno ya watu, yamepinda kidogo tu hapa na hapa, na katikati mwanya ule ule. Nilikaa chini. Mama yako alipokuwa msichana alikuwa anatema maji kupitia mwanya wake, yanaruka mpaka upande wa pili wa mfereji, wavulana tunajaribu tunajilowesha. Sikuwahi kuwa na picha ya dada yangu akicheka. Sasa ninayo, ya plasta.

Kwa hiyo nimekuwa na mashaka. Kazi ya waya ni kuziba nafasi. Nimemwambia daktari huu hatuuzibi. Tutanyoosha mengine, mwanya ukae. Yeye kasema mwenye mdomo ndiye aamue. Basi amua, ila mimi najua utasema nini.

Nimekwisha kuanza. Unajua nabandika kwa nini kwenye plasta? Tofi! Ile ya dukani. Unaiyeyusha kidogo kwenye moto, inashika braketi kama gundi, na ukitaka kuiachia unatumbukiza kwenye maji ya moto inayeyuka yote. Kitabu kimeandika hivyo na daktari hakuamini mpaka alipoona. Ninafanya kazi hii saa za chakula cha mchana, mlango umefungwa, na wenzangu wanasema Ezron siku hizi anaongea peke yake.

Mjomba wako mwenye furaha,
Ezron


Masukulu,
26 Oktoba 1997

Mjomba,

Shikamoo. Huku mvua imeanza mapema na haishi. Watu wanasema ni El Niño, mwalimu wa jiografia ametuchorea bahari ubaoni lakini maji yako hapa mlangoni. Daraja la chini limesombwa, tunazunguka kwa majirani, akina Lusungu.

Nimefurahi kuwa umefurahi.

Naomba usiendelee kwanza na zile braketi. Nitakuandikia sababu. Leo nina kazi nyingi za shule.

Atuganile


Masukulu,
16 Novemba 1997

Mjomba Ezron,

Shikamoo. Bibi hajambo, mimi sijambo, ng'ombe hawajambo. Nimemaliza salamu, sasa sina pa kujificha.

Meno hayo si yangu. Ni ya Rehana.

Nimeamka leo nikatembea mpaka shambani nikarudi, nikaenda tena nikarudi, Bibi akaniuliza nimepoteza nini. Ndipo nikakaa niandike. Nitakueleza ilivyokuwa, usiache kusoma katikati.

Pale hospitali tulikaa kwenye benchi watu kumi na moja. Mlango wa chumba cha Bwana Ackson haukuwa na pazia. Mama aliyetangulia alijaziwa ule ujiuji wa waridi mdomoni, ukamwagikia kidevuni, akawa anakohoa macho yanatoka machozi, na wanafunzi wa uuguzi watatu wamesimama ukutani wanatazama, mmoja anacheka. Nikasema moyoni, hao wote watayaona meno yangu. Bwana Ackson akatoka. "Atuganile ni nani?" Miguu yangu haikuinuka, mjomba. Sikuamua, haikuinuka tu. Nikamwangalia Rehana kama ninavyomwangalia darasani.

Akasimama. "Mimi."

"Wewe ndiye mpwa wa Ezron?"

"Ndimi."

"Mbona huna sura ya kwetu?"

"Nimefanana na baba," akasema, akaingia, akafungua mdomo mkubwa kama anaimba. Hakukohoa hata kidogo.

Njiani akaniambia, "Nimekuokoa, sema asante." Nikamwambia, lakini hayo ni meno yako. "Meno si meno tu? Mjomba wako atakaa nayo kwenye meza, si ndivyo alivyoandika? Siku akikuona atarekebisha." Anacheka na ule mwanya wake wote nje, ambao nusu ya vijana wa Tukuyu wanaujua. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pia, nikiwa nimeziba mdomo. Nilidhani ni kama kipimo cha urefu, kwamba kikikosewa kidogo si neno. Sikujua kuwa wewe ungekaa nao hivyo.

Halafu ikaja barua yako ya Oktoba. Niliifungua mbele ya Bibi bila kuisoma kwanza. Alikuwa anamenya ndizi. Nilipofika kwenye mwanya sauti yangu ikaanza kutetemeka, yeye akadhani ni kwa ajili ya mama. "Soma tena hapo." Nikasoma. "Tena." Nikasoma, habari ya kutema maji ng'ambo ya mfereji. Akaweka ndizi chini, akafuta kisu kwenye kanga.

"Fungua."

Nikafungua. Akanishika kidevu, akatazama kama mtu anayekagua umri wa ng'ombe mnadani.

"Huu mwanya uko wapi?"

Nikaufunga mdomo.

"Basi mwanangu analilia mdomo wa nani?"

Nikamweleza. Hakunigombeza. Aliendelea kumenya ndizi mpaka zikaisha, akaanza kukusanya maganda, ndipo akasema, "Andika. Ningejua kuandika ningeandika mwenyewe." Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Kila siku ananiuliza kama nimeandika. Ile barua ya tarehe ishirini na sita nilimsomea maneno ambayo hayakuwamo, na nadhani alijua.

Meno yangu ni yale niliyokuambia mwanzo. Sina mwanya. Sina kitu chochote cha mama mdomoni. Ukitaka kuacha kazi hii, acha. Ukikosa Mbeya kwa ajili yangu sijui nitafanya nini.

Nampa barua kondakta wa basi, posta inachelewa.

Atuganile


Dar es Salaam,
20 Novemba 1997

Mpwa wangu,

Umeniambia nisiendelee, hukuniambia kwa nini, na mimi vidole vilikuwa vimeshaonja. Samahani, nimemaliza! Braketi kumi za juu, kila moja mahali pake. Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Desemba daktari atakagua. Amepita leo mlangoni akachungulia, akasema "hm," na huyo si mtu wa kusema hm bure.

Barabara naona imeharibika, barua yako ya Oktoba imekuja na matope. Kama umenitumia nyingine bado sijaiona.

Nimeanza kuulizia nyumba za kupanga Mbeya. Mwambie mama, ila asimwambie ndama.

Ezron


Masukulu,
7 Desemba 1997

Mjomba,

Je, umeipata barua ya tarehe kumi na sita Novemba? Nilimpa kondakta anaitwa Nelson, basi la bluu. Nimekwenda stendi Tukuyu mara tatu kumuuliza. Mara ya kwanza alisema gari lilikwama mlima Kitonga siku mbili. Mara ya pili alisema alimpa mwenzake. Mara ya tatu aliponiona alijificha nyuma ya gari.

Tafadhali usimwonyeshe daktari kitu chochote kabla hujaisoma. Hii naituma posta na nyingine kama hii kwa basi, ili moja ifike.

Bibi anakusalimu. Haniulizi tena kama nimeandika. Anauliza umejibu nini.

Atuganile


Dar es Salaam,
22 Desemba 1997

Atuganile,

Salamu zako zote nimezipokea. Mimi mzima.

Barua yako ya Novemba ilinifikia tarehe kumi na saba, na zile mbili za Desemba zikaja baada yake. Daktari alikuwa ameshakagua. Siku ile ya tarehe kumi na tatu alichukua lenzi yake, akageuza plasta huku na huku nusu saa nzima, akanipa mkono. "Ezron, kazi safi. Umenishinda." Nilikuwa na siku nne za kuwa mtu mwenye furaha. Halafu Nelson wako akaja kliniki mwenyewe, bahasha imelowa, akasema msichana mmoja Tukuyu anamwandama kama polisi.

Nilikasirika. Nisikudanganye. Siku ya kwanza nilikasirikia Rehana, ya pili wewe, ya tatu Ackson. Ya nne nilimpelekea daktari barua yako. Alisoma, akavua miwani, akacheka mpaka akashika meza. "Umeshona viatu vizuri kabisa, vya mguu uliokuja na mtu mwingine! Sikukuambia? Plasta haina jina." Kisha akaona sicheki, akaacha.

Nilichemsha maji. Nilitumbukiza plasta. Tofi ikalegea, braketi zikaanguka moja moja chini ya bakuli, kumi, hakuna iliyopotea. Ningekuwa nimetumia gundi tungekuwa tumezipoteza.

Hilo la kazi limekwisha. Sasa lile jingine.

Nilikuwa naisemesha ile plasta. Naona haya kuiandika. Naiambia habari za kiwanda, habari za Dar. Mlango umefungwa. Umeniuliza mara mbili kuhusu kaburi na sikukujibu, na Bibi yako alidhani wewe ndiye unaruka mistari. Ni mimi niliyeruka.

Mwaka ule nilikuja. Hilo hakuna anayelijua. Taarifa ya msiba ilinikuta kiwandani, nikapanda basi usiku ule ule, nikafika Uyole asubuhi. Gari za Tukuyu zilikuwa pale, wapiga debe wanaita. Wakati huo nilikuwa nimeambiwa nimo kwenye orodha ya wanaopunguzwa, lakini sitasingizia hilo. Nilifikiria kwamba nitaingia ndani na dada atakuwa amefunga mdomo. Mtu ambaye sikumbuki kumwona amefunga mdomo. Nikasimama pale mpaka mchana. Halafu nikavuka barabara nikapanda gari la kurudi. Miguu yangu nayo haikuinuka, unaona. Yako ilikushinda kwenye benchi la hospitali, mimi ilinishinda kwenye msiba wa dada yangu. Kwa hiyo sina pa kukugombezea.

Plasta ya Rehana nimeisafisha nitamrudishia. Mwambie ana meno mazuri na uongo mbaya.

Daktari hajaninyima Mbeya wala hajanipa. Anasema nikufanyie wewe mwenyewe, mbele yake, na safari hii kwa njia yake, braketi moja moja kinywani. Nimekubali, si kwa kuwa njia yake ni bora. Ni kwa kuwa inadai mwenye mdomo awepo, aufungue kwa saa moja na nusu, na asimwangalie mtu wa pembeni. Utaweza? Usijibu kwa haraka.

Nitafika nyumbani tarehe kumi Januari, kabla ya kwenda Mbeya. Msomee mama barua hii yote. Usiruke.

Ezron


Masukulu,
8 Machi 1998

Mjomba,

Shikamoo. Tangu uhamie Mbeya sioni haja ya kuandika, lakini Bibi amezoea kusomewa na anasema mtoto wake akiwa karibu asidhani ameachwa. Ana goti lake, mzima. Darisalama, tangu siku ile ulipomfunga kamba mwenyewe, harudi zizini hata kidogo. Bibi amembadilisha jina anamwita Mbeya, tuone.

Majani uliyoyang'oa pembeni mwa kaburi hayajaota tena. Naona Bibi hakukuambia, lakini ulipokuwa umepiga magoti pale muda mrefu, alinishika mkono nisikufuate.

Sasa habari za kinywa, nilitaka kukuambia haya pale kliniki ila nilikuwa na pamba kila upande. Asante kwa kuniambia nihesabu mbao za dari. Zipo thelathini na nane. Ile asidi ni chachu kama ndimu mbichi. Nilipotaka kumeza ukasema "vumilia," na daktari huko pembeni na saa yake akasema "huyo anavumilia, wewe ndiye unayetoka jasho." Nilicheka, braketi ya nne ikateleza, mkaanza kugombana juu ya uso wangu. Yeye anasema ulichelewa. Wewe unasema ni mate, na kwamba plasta isingecheka. Mimi nimelala mdomo wazi katikati yenu na hakuna aliyekumbuka kuniambia nifunge.

Imeanguka tena moja, ile ile ya nne, nilikuwa nakula mahindi ya kuchoma. Usinigombeze. Ninayo kwenye bahasha. Nilipomwambia daktari Jumamosi ya wiki iliyopita, wewe ukiwa umetoka, alikuna kichwa, akasema ya chini basi mfanye kwa njia yako, tuone zipi zitakaa, juu au chini. Kwa hiyo ugomvi wenu utaishia mdomoni mwangu, na mimi ndiye nitakayehesabu.

Darasani Jumatano mwalimu aliuliza swali. Rehana alinitegea sikio kama kawaida, asubiri ninong'one. Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nikajibu kwa Kiingereza changu chote, waya zinang'aa, nyuma kuna mtu akapiga mluzi. Nilikosea. Rehana ndiye aliyekuwa na jibu sahihi safari hii, na alifurahi mpaka akashindwa kulisema.

Jana nimekwenda kwa Bwana Ackson kwa ajili ya chapa ya chini. Nilikwenda peke yangu. Wanafunzi wa uuguzi walikuwa wale wale. Bwana Ackson aliponiona alikunja uso akasema, "Leo nani kaja?" Nikamwambia jina langu, kisha nikafungua mdomo. Nilikohoa, ujiuji ukanimwagikia mpaka shingoni, na mmoja akacheka.

Alipomimina plasta nilimwomba asubiri kidogo. Nikachukua msumari, na kabla haijakauka nikaandika chini yake, kwa herufi kubwa. Ukifungua kopo igeuze kwanza.

Mpwa wako,
Atuganile